Walimletea Veronika Biskuti

Mwezi wa pili wa mwaka 1957, hapa Kisangani, nilimpoteza mke wangu Veronika. Wiki chache kabla yake tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa kwanza, aliyezaliwa bila kulia. Nina umri wa miaka thelathini na minne. Kazi yangu ni kutengeneza njia ya treni inayokwenda Ubundu, na shule yangu iliishia darasa la nne kwa mapadri. Sijui kuandika kwa mapambo. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Watu hufa hospitalini kila siku, najua. Lakini mke wangu hakuuawa na ugonjwa peke yake... Aliuawa na wema! Wema wa namna moja, ule unaovaa glavu.

Baada ya uzazi ule, damu ilikuwa imemwishia. Alilala hospitalini hawezi hata kuketi. Muuguzi aliniambia waziwazi kwamba dawa ipo, lakini mgonjwa huyu asipokula dawa haitafanya kitu. Na tumbo lake lilikataa vyote ila uji mwepesi na supu ya samaki, vya moto, akinyweshwa kijiko kwa kijiko. Ndugu zetu wako mbali, Kibombo. Mimi asubuhi niko relini, jioni niko relini. Nani angemnywesha?

Alikuwepo jirani yetu, Mama Asha, mjane Mwislamu kutoka Kasongo, anayeuza mikate ya kukaanga sokoni. Si ndugu yetu, wala hatusali naye. Hakuombwa na mtu. Akimaliza kuuza, alifunga sufuria yake kwa kitambaa, akaenda hospitalini, akaketi kando ya kitanda na kuanza utani wake.

"Fungua kinywa, bibi arusi! Bwana yako akirudi akikuta mifupa, atasema mimi ndiye nilikula nyama."

Majirani wengine walimsaidia. Huyu alitoa kuni, yule samaki, yule alikwenda zamu siku Mama Asha alipokuwa na homa. Hakuna aliyeitisha mkutano. Hakuna aliyepiga makofi. Na Veronika akaanza kuketi... Siku moja nilimkuta anacheka! Wasomaji wenzangu wa gazeti hili, mnajua furaha ya kumwona mtu wako anacheka baada ya jeneza dogo kama lile?

Kisha mvua kubwa ikabomoa njia ya reli upande wa Ubundu, na kikosi chetu kikapelekwa huko. Niliondoka na moyo mtulivu. Mke wangu alikuwa mikononi mwa watu.

Ndipo wakaja wale.

Hapa mjini palikuwa na chama cha wamama, wake za makarani. Jina lake siliandiki, maana jina lilikuwa zuri kuliko kazi. Mkubwa wao tulimwita Madame Hortense. Mume wake alikuwa akingojea kupewa ile karatasi ambayo serikali ya Wabelgiji humpa Mwafrika inayemhesabu kuwa amestaarabika, na kila mtu alijua kwamba wakaguzi huja nyumbani, hutazama vitanda, hutazama uma na visu, huuliza familia inaishi vipi na watu. Uma walikuwa nazo. Vitanda walikuwa navyo. Walipungukiwa na maskini!

Wakamchagua Veronika. Mbona yeye? Kwa sababu alikuwa kijana, amefiwa na mtoto, na kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha. Mpiga picha waliyemleta, ili wakaguzi waone, alitaka mwanga.

Jumapili moja baada ya misa walifika na viatu vya kisigino, glavu nyeupe, sanduku la biskuti na makopo ya sadini. Wakamwinua, wakamwekea mto mgongoni, wakapanga makopo vizuri ili maandishi yaonekane. Walipokuwa wakipigwa picha, Mama Asha akaingia na sufuria yake. Aliyoyasikia alinisimulia baadaye, akilia.

"Weye mama, unaenda wapi na sufuria nyeusi? Hapa iko hôpital, haiko soko!"

"Madame, naletea mugonjwa supu."

"Mugonjwa huyu iko na sisi sasa. Tumemuchukua. Bon, rudisha hiyo kitu kwako. Unataka watu waseme tunamulisha moshi?"

Wenzake wakacheka ndani ya glavu zao. Mlinzi alikuwa mlangoni, akitazama. Muuza mikate atabishana na mke wa karani mbele ya mlinzi? Mama Asha akageuka na sufuria yake ya moto.

Jumapili iliyofuata ikatangazwa kanisani: mgonjwa Veronika amechukuliwa na chama, hatapungukiwa na kitu. Watu wakashukuru. Majirani wakaambiana kwamba mzigo umepata mabega mapana. Nani apeleke samaki wake mmoja mahali palipojaa makopo? Mmoja mmoja wakaacha kwenda. Siwalaumu. Waliamini tangazo, kama mimi nilivyoliamini, maana dereva wa treni iliyotuletea kokoto mpaka pale njia ilipokatika aliniletea habari akicheka.

"Yosefu, usihangaike! Bibi yako iko na bamama mingi sasa, na visigino vyao vyote! Utarudi ukute ameshanenepa, anakukataa!"

Nilikuwa nimekusudia kuomba ruhusa nikamwone. Sikuomba tena.

Na hao wamama? Walikuja Jumapili. Jumapili tu! Jumatatu mpaka Jumamosi, kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu siku hizo hapakuwa na mpiga picha. Walikuwa wengi kiasi kwamba hapakuwa na hata mmoja. Waliacha biskuti ngumu kwa mtu asiyeweza kutafuna, na makopo kwa mtu asiye na nguvu za kuyafungua!

Njia ilipotengenezwa nilirudi, nikaenda hospitalini na tope miguuni. Nilimpita mke wangu bila kumtambua. Ni yeye aliyeniita.

Makopo yalikuwa yamepangwa vilevile, mazima. Biskuti moja ilikuwa kwenye kikombe cha maji. Alijaribu kuilainisha.

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mtu. Alinijibu taratibu kwamba muuguzi alipomuuliza juu ya chakula, alisema wamama wanaleta. Kwamba walikuwa wamevaa vizuri mno... aliona haya kuwaambia kuwa ana njaa.

Nilikimbia kwa Mama Asha. Alikuja mbio, bila viatu, na supu. Akasema, "Fungua kinywa, bibi arusi." Veronika alifungua. Supu ilirudi ikatiririka shingoni. Kesho yake mchana alifariki, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Mama Asha.

Kwenye matanga walikuja tena! Safari hii na shada la maua ya karatasi. Madame Hortense alitafuta kwanza mahali pa kulisimamisha ili lionekane kutoka barabarani, kisha akanijia.

"Pole, Papa Yosefu. Donc, sisi tulifanya yote. Mungu ndiye ameamua."

Nilimuuliza jambo moja tu: mke wangu alikuwa anaweza kula nini?

Akatazama wenzake. Wenzake wakatazama glavu. Mwishowe akasema, "Bon... biskuti alipenda."

Kisha, kwa sauti ya chini, akaniomba nifike kwake siku ya wakaguzi, niseme maneno mawili ya shukrani. Mtu aliyefiwa, yuko kwenye mkeka! Nikamwambia, "Madame, nitakuja. Nitasema alikufa na njaa mbele ya makopo yako." Watu wote walisikia. Mama Asha alichukua shada lile, akampa mkononi, na glavu ikachafuka kwa masizi. Waliondoka kwa haraka iliyowavunjia visigino.

Karatasi mume wake aliipata. Nasikia ile picha imetundikwa sebuleni kwao.

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Huhitaji kuwa tajiri ili kumsaidia mtu, wala huhitaji chama. Lakini kabla ya kumchukua mgonjwa, uliza nani tayari anamhudumia, ukamsaidie huyo. Mpe kuni. Mpokee zamu. Na kama huwezi kuja Jumanne, usitangaze Jumapili! Mtu akitaka kupigwa picha, aende kwa mpiga picha, alipe, atuachie wagonjwa wetu.

Siku hizi, nikiwa na nafasi, naenda hospitalini pamoja na Mama Asha. Tunapita kitanda kwa kitanda tukiuliza. Juzi tulimkuta mzee mvuvi wa Isangi, mikono yote miwili imefungwa bandeji. Nilimuuliza nani anampikia.

"Mukazi yangu, mama ya batoto, iko hapa. Chakula iko mingi."

"Basi, papa, unahitaji nini?"

Alinitazama kwa mashaka, kama anayeogopa kuchekwa. "Mugongo, mutoto yangu. Inaniwasha tangu asubui, na mukazi ameenda kufua."

Nikaketi nyuma yake, nikamkuna.

"Chini kidogo," akasema. "Chini... Hapo! Hapo hapo!"