Mfupa wa Sikio

Hilux tatu nyeupe ziliondoka pamoja soko la nyati la Rantepao, mji wa Watoraja. Kila moja ilibeba boksi la barafu la buluu.

Jasusi Sanda Patandean alikuwa na pikipiki moja.

Ndani ya boksi mojawapo mlikuwa na mfupa wa sikio wa bibi aliyezikwa pangoni miaka elfu sita iliyopita. Mfupa huo ndio unaotunza vinasaba kuliko yote. Ukoo ulikuwa umewaruhusu wataalamu wa Makassar wachukue punje ya unga wake, ili ijulikane wazee wao walitoka kisiwa gani. Tessier, mnunuzi wa ng'ambo, aliutaka mzima. Angeusaga wote kwa vipimo vyake, na mwingine hakuna.

Ukoo wenyewe ulikuwa wa Sanda.

"Nyati, unafuata lipi?" redio ilikoroma, ikimwita kwa jina lake la kazi.

"Subiri, mkuu."

Gari la kwanza likakata kona, la pili likanyoosha. La tatu likasimama kabla ya daraja. Dereva wake, mzee Ambe Lolo, jirani wa Sanda aliyesali naye kanisa moja, alishuka mvuani, akawasha sigara ya karafuu na kuiweka juu ya boksi. Midomo yake ilikuwa ikicheza.

Alikuwa akimwarifu marehemu kwamba wanavuka maji.

Tessier alikuwa amenunua mikono yake, adabu hakuiweza. Mtoraja hata akiwa mwizi hamhamishi maiti kimyakimya. Sanda alitabasamu, kisha akaona haya. Mama yake alizikwa yeye akiwa kazini Jakarta, na tangu hapo hakuwahi kwenda kumsemesha.

"La tatu," alisema, akakaza mwendo.

Alilifikia kwenye mashamba ya mpunga. Bastola yake ya Pindad ilibweka mara mbili.

Tairi likapasuka.

Hilux ikazama matopeni. Tessier, aliyekaa kando ya dereva, akaruka nje na bastola ya Glock, akaielekeza kwenye boksi.

"Ukisogea nausambaratisha. Ni mfupa tu, dada. Hauna mwenyewe."

Ambe Lolo aliposikia hayo akamrukia mkono. Risasi ikaingia topeni, na kitako cha bastola ya Sanda kikamlaza Tessier chali.

Polisi walipofika, mzee alinyoosha mikono mwenyewe.

"Nifungeni. Lakini mwanangu, mwambie bibi anarudi nyumbani, asishtuke."

"Mwambie wewe, Ambe."

"Mimi nimemwibia. Hatanisikiliza."

Sanda alipiga magoti kando ya boksi. Alihisi kuna mtu anamngoja aseme.

"Bibi, tunarudi," alisema. "Na kama uko na mama yangu huko, mwambie kesho nakuja kumwona."

Alilifunga boksi kwenye pikipiki, akavaa miwani, akaondoka bila kugeuka.

"Nyati, mbona mwendo wa kinyonga?" redio iliuliza.

"Nimempakia bibi yangu, mkuu."

Akaizima.