Mama Shusha na Droni ya Mwanawe

Saa tatu na dakika tano asubuhi, siku ya Jumamosi, ubao wa plaiwudi wenye upana wa mita moja ulikuwa umelazwa katikati ya ua. Pembeni yake alisimama mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mkono wa kulia ameuinua. Juu yake, kimo cha ghorofa mbili, droni ya kupigia picha ilikuwa ikivuma. Upepo ulikuwa mdogo. Nyumba ya pili walikuwa wakifua.

"Bado," alisema mama. "Inatembea kuelekea ukutani."

"Imesimama, mama."

"Imesimama kwenye skrini yako. Huku mimi naiona inatembea. Hebu inua macho."

Mwanawe, mpiga picha ambaye wenzake walimwita Lenzi, aliinua macho, akaachia kijiti cha kulia cha rimoti, akangoja. Kisha akaiteremsha kidogo kidogo. Ilipotulia kabisa kwenye usawa wa kifua, mama aligeuza kiganja chini na kukishusha polepole. Mashine ilishuka wima. Miguu yote minne iligusa ubao kwa pamoja, na Lenzi akashikilia kijiti cha kushusha mpaka mapanga yakaacha kuzunguka.

"Haya, abiria washuke," mama akasema. Wote wawili wakacheka.

Mama hakuwa akibahatisha. Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika yadi ya makontena, akimwongoza dereva wa kreni kwa ishara za mikono. Dereva yuko juu na haoni chini. Aliye chini ndiye macho yake. Kule walimwita Mama Shusha. Alijua kwamba kontena likigusa ardhi huku linabembea, litapinduka au litamponda mtu. Droni nayo ni hivyohivyo. Mguu mmoja ukigusa chini wakati mashine bado inakwenda upande, mguu huo hukwama, na mashine nzima huupindukia. Kwa miaka miwili mama na mwana walizunguka pamoja kwenye sherehe za watu, na droni haikupinduka hata mara moja. Baba alikwishafariki. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu.

Neno lililoharibu mambo lilisemwa Jumamosi hiyohiyo, saa kumi alasiri, kwenye harusi. Mama alikuwa amesimama kando ya ubao, mkono juu, droni ikirudi. Rafiki wa bwana harusi akapaza sauti:

"Jamani, rubani kaja na mnara wake wa kuongozea ndege! Bibi, unampungia nani? Tayari unatuaga?"

Watu walicheka. Lenzi naye alicheka. Kisha yule rafiki akamuuliza, "Ni nani yako huyu?"

"Aa, mama mmoja wa jirani," Lenzi akajibu. "Anapenda tu kuja kuangalia."

Kati yake na mama kulikuwa na hatua sita. Mama alisikia kila neno. Aliiongoza droni kwa mkono mpaka ikatua salama, akachukua ubao wake, akaupangusa vumbi.

Jumamosi iliyofuata Lenzi alikuwa mlangoni na begi mgongoni.

"Leo pumzika, mama."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Mama nawe! Pumzika tu."

Wenzangu, tulitazame vizuri neno hili "pumzika". Likisemwa kwa aliyechoka, ni hisani. Likisemwa kwa mtu mwenye nguvu zake, ni mlango unaofungwa taratibu ili usipige kelele. Wangapi miongoni mwetu tumewafungia wazazi wetu mlango wa namna hiyo, tukajisifu kuwa tunawatunza?

Lenzi alikuwa akiondoka saa tatu asubuhi na kurudi saa moja jioni. Ni muda wa saa kumi. Jumamosi ya kwanza mama alizungumza na muuza mboga, maneno machache kuhusu nyanya. Jumamosi ya pili hakuzungumza na mtu yeyote. Alizoea kuwasha redio katika chumba ambacho yeye hakukaa, ili asikie mtu akiongea humo ndani. Kiti alikitoa uani akakiweka dirishani, akakirudisha uani. Kufika adhuhuri alikuwa amemaliza kila kazi ya nyumba, na nyingine amezirudia.

Jumamosi ya tatu alimpokea mwanawe begi, akaitoa droni kuifuta. Akaigeuzageuza.

"Umeishusha kwenye nyasi. Tazama, zimejizungusha humu kwenye mota."

"Kidogo tu, mama."

"Na panga hili limeliwa ncha. Changarawe hiyo. Ilipindukia kushoto."

"Mama, hii si kreni."

"Najua. Kreni ina dereva anayesikia."

Lenzi alichukua mashine yake akaenda chumbani. Tangu siku hiyo aliisafisha mwenyewe.

Ambalo mama hakulijua ni kwamba tangu wiki hiyo Lenzi hakuishusha droni chini tena. Alianza kuidaka hewani kwa mkono wa kushoto, kama alivyoona wengine wakifanya. Wageni waliupenda mchezo huo, wakampigia makofi. Hakuna aliyecheka.

Wiki ya tano, siku ya Alhamisi, msimamizi wa yadi ya makontena alimpigia mama simu. Walikuwa wameajiri waongozaji wapya na hakuna wa kuwafundisha. Je, angekubali? Kazi ni siku sita kwa wiki, Jumamosi ikiwemo. Angeanza Jumatatu ya wiki ya tatu. Mama alikubali, kisha akamngoja mwanawe ili amwambie.

"Yadi wameniita kazini."

"Vizuri, mama. Utapata cha kufanya," Lenzi akasema. Macho yalikuwa kwenye simu yake.

Jumamosi ya siku mbili baadaye, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, simu ya mama ililia. Ilikuwa namba asiyoijua.

"Shikamoo, mama. Mimi ni muuguzi, napiga kutoka hospitali. Kuna kijana hapa ameumia mkono. Ametutajia wewe kuwa mama yake. Ni kweli?"

"Marahaba," mama alisema. "Ni kweli. Nakuja."

Alimkuta kwenye benchi, mkono umefungwa mpaka kwenye kifundo. Mishono kumi na minne. Kano za vidole viwili zilikuwa zimekatika, na daktari amezishona.

"Ilipanda tena, mama," Lenzi alisema. "Niliweka kiganja chini yake, ikahisi kuna kitu, ikapanda. Nikairukia, nikashika mapanga."

"Ulikuwa na nani?"

"Watu kama mia mbili."

"Sikuulizi idadi ya watu. Nani alikuwa akikuangalia?"

Lenzi aliinamia bandeji yake.

Kwa wiki mbili mama alimfunga vifungo vya shati na kumkatia chakula. Siku ya kumi na tatu, akiwa amenyoosha mkono ili afungwe kifungo cha mwisho, Lenzi alisema, "Mama, siku ile ya harusi..."

"Nilisikia."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Basi mkono ukipona tutoke wote. Yadi waambie hapana."

"Niwaambie hapana kwa lipi? Wao walinitafuta." Akakifunga kifungo. "Geuka nikuone kola."

Jumatatu, saa moja kasoro robo asubuhi, mama alitoka na viatu vyake vya yadi.

Funzo

Usimwonee haya aliyekulea mbele ya watu watakaokusahau kesho. Mzazi anayejua kazi hahitaji kupumzishwa. Anahitaji nafasi yake na jina lake. Ukimwondoa, hasara haianzi siku ya ajali. Huanza siku ile unapomwacha nyumbani saa kumi nzima bila mtu wa kusema naye, nawe ukaenda kutafuta makofi. Na ujue pia kwamba msamaha unaweza kutolewa wote, hata senti isibaki, na bado nafasi uliyoiacha wazi katika siku zake ikawa imeshajazwa na wengine.

Bandeji ilifunguliwa baada ya wiki nane. Kidole cha pete hakikunjiki. Jumamosi ya wiki hiyo, saa sita na dakika arobaini mchana, wakati wa mapumziko yadini, mama alipokea simu.

"Mama, nimeirusha uani, nikaishusha. Haikupinduka."

"Mkono?"

"Unauma kidogo."

"Nani yuko nawe?"

"Hakuna mtu."

Kengele ya yadi ikalia. "Mapumziko yamekwisha, baba," mama akasema. Simu ilidumu sekunde arobaini na moja.