Kioo Kilichokula Nyuso

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu pindo zake zilinyooka kama zimepigwa rula. Kila mshono aliukagua kwa namna yake: alifumba jicho la kushoto, akautazama kwa la kulia.

Asubuhi moja alifumba jicho, akaona mshono wa suruali ukijikunja polepole kama mnyoo. Akaufumua. Akashona tena mpaka akauona umenyooka.

Wifi yake, aliyekata vitambaa na kuongea bila kuchoka, aliinua suruali ile.

"Wifi, mbona mguu huu unaelekea kushoto? Mwenyewe atafika kwake kweli?"

"Umenyooka. Wewe ndiye uliyepinda."

Mchana akaja mteja kujaribu koti. Akasimama mbele ya kioo. Mama Pindo alifumba jicho ili apime mabega, na uso wa mteja ukatoweka kiooni. Masikio yalikuwepo. Kola ilikuwepo. Katikati palikuwa na kivuli, na kivuli kikasema, "Kiuno kisinibane, mama."

Mama Pindo akafumbua jicho. Uso ukarudi.

Mteja alipoondoka, Mama Pindo alijitazama mwenyewe kwa jicho moja. Naye hakuwa na uso. Akafunika kioo kwa shuka.

"Kioo hiki kinakula nyuso," alimnong'oneza wifi yake.

Wifi hakucheka. "Kiache. Nitazame mimi. Fumba jicho kama kawaida yako."

Mama Pindo akafumba. Mbele yake palisimama kilemba na hereni mbili tu.

"Hupo," akasema.

"Basi si kioo. Ni jicho lako la kulia. Na vidonge vya kisukari unameza ukikumbuka. Kesho tunakwenda hospitali."

Hospitalini waliingia kwenye chumba chenye giza. Mpiga picha za macho alimtia matone ya kupanua mboni. Akamuuliza kama ana mzio wa dawa yoyote. Hakuwa nao.

"Nitakuchoma sindano mkononi," akaeleza. "Ni dawa ya rangi. Itasafiri kwenye damu mpaka nyuma ya jicho. Mshipa mzima huishika rangi. Mshipa unaovuja huiachia. Ngozi na mkojo vitakuwa vya manjano kwa muda, usiogope. Ukisikia kichefuchefu au kuwashwa, niambie."

Kamera ikamulika. Kwenye skrini ilitokea mishipa myeupe ndani ya weusi. Kisha madoa meupe yakaanza kukua kimya kimya. Mama Pindo alikuwa akitazama jicho lake likivuja.

"Ndicho kinachokula nyuso?"

"Ndicho. Retina ni utando unaopokea picha. Sukari ikizidi muda mrefu, huharibu mishipa yake. Majimaji yakivuja, utando huvimba. Mistari hupinda, nyuso hufifia."

"La kushoto ni zima, lakini."

"Limeanza kuvuja pembeni. Wewe bado hujaona. Kamera imeona."

Hofu ilimshika zaidi kuliko ile ya kioo. Daktari wa macho aliyezisoma picha zile alimpangia sindano za jicho. Akamwambia adhibiti sukari, na apimwe macho kila mwaka hata akiona vizuri.

Alifuata yote. Baada ya miezi kadhaa mishono iliacha kujikunja. Siku hiyo aliondoa shuka kwenye kioo, wifi akiwa nyuma yake. Akafumba jicho la kushoto.

"Unaona nini?" wifi akauliza.

"Wanawake wawili. Mmoja kazeeka."

"Na mwingine?"

"Mwingine ni mimi."

Wifi akacheka. Mama Pindo alilia kwa furaha, kisha akachukua ile suruali ya mguu uliopinda, ambayo mwenyewe hakuwa ameichukua bado, akaanza kuifumua.