Picha ya Mdudu kutoka Mokambo

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo: mdudu kwenye picha hakuwa na kivuli, na jua la Mokambo lilikuwa linawaka pande zote.

Germaine, mwalimu katika mtaa wa Hewa Bora, hakushindwa na kitu chenye mbawa wala majani. Watu walimtumia picha kwa WhatsApp, uyoga, viwavi, maua ya vilima vya shaba, naye aliwatajia majina papo hapo. Neno "sijui" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Lakini mdudu huyu, mwenye miguu ya vunjajungu na mbawa za nondo, hakuwemo katika kitabu chochote. Picha ilitoka kwa Kiki, mdogo wake anayekaa Mokambo, aliyezoea kumwita yaya, yaani dada mkubwa.

Akampigia. "Kiki, hii kadudu haiko mu kitabu yoyote. Iko mupya kabisa!"

"Basi uipatie jina yako, yaya," Kiki akanong'ona. "Ba-savants, bale banasomaka ma-kadudu, banafanyaka vile, si vile?"

Kichwa kikamvimba Germaine. Chini ya picha akaandika: Germaine.

Mchana uleule nyumba ikaanza kunuka shaba iliyolowa. Nyuma ya pazia la chumbani kitu kikakwaruza. Alipolifungua hakukuta kitu, alipolifunga kikaendelea, polepole, na kila alipotazama simu mdudu alikuwa amegeuka zaidi, hadi akawa anamkodolea macho yeye, na nyuma yake haikuwa tena Mokambo bali pazia lilelile la kitenge chekundu.

Akampigia tena Kiki. Kwenye simu akasikia mtoto anacheka: Dan wa Kiki, aliyelala mgonjwa mwezi mzima.

"Yaya, pardon," Kiki alilia. "Nganga alitosha ile kitu ilikuwa inakula Dan, akasema nitafute muntu wa kuipatia jina yake. Unajua desturi yetu: mutoto mwenye jina yako iko wako, iko weye, anakuja kukaa kwako. Dan alikuwa anakufa, yaya!"

"Ungeniambia! Miye niko damu yako!"

"Ungekataa."

Germaine akaketi sakafuni mlangoni mwa chumba, machozi yakimtiririka. Kikulacho ki nguoni mwako. Kiki huyo ndiye mdogo aliyembeba mgongoni tangu akiwa mchanga, na leo amemuuza.

Mlango wa mbele ukafunguka. Jeannot, mume wake, alikuwa amerudi kutoka kazini.

"Germaine?"

Germaine akafungua kinywa, sauti haikutoka. Kutoka chumbani, nyuma ya pazia, sauti yake mwenyewe ikaitika kwa upole:

"Karibu, papa Jeannot. Niko huku."

Jeannot akatabasamu, akapita juu yake pale sakafuni kana kwamba hapakuwa na mtu, akaingia chumbani.