Miwani Msumarini

Rafiki yangu mmoja, fundi cherehani, hana tabia ya kutia chumvi, kwa hiyo nasema kama alivyonisimulia.

Yeye na mdogo wake walikwenda na wenzao wa karakana kwa mashua ya tanga, kutazama samaki kwenye matumbawe. Nahodha aliwaambia wateme mate ndani ya miwani ya kuogelea, ili vioo visishike ukungu. Mdogo wake alikunja uso.

"Mate? Dada, uchafu huo mimi sitaki."

"Shauri yako," akamjibu, na wote wakacheka.

Hilo ndilo neno la mwisho alilomwambia. Wenzao waliporudi mashuani, mdogo wake hakurudi. Walitafuta siku nne wakapata miwani tu, na mrija wake wa kupumulia.

Dada mtu aliitundika miwani pamoja na mrija msumarini kwenye stoo isiyo na dirisha, kioo kikielekea ukutani, maana hakuweza kukitazama. Mchana mmoja aliingia kuchukua uzi. Gizani akasikia mrija: pumzi inaingia, pumzi inatoka, polepole. Akawasha taa. Kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani. Alikifuta, lakini kesho yake ukungu ukarudi, na keshokutwa pia.

Mwishowe akatema mate kwenye kioo, akasugua huku analia. "Haya, mdogo wangu. Nimekutemea mimi." Akaielekeza tena ukutani, akafunga mlango kwa ufunguo.

Asubuhi alipofungua, mrija ulikuwa kimya. Kioo kilikuwa safi kabisa, na miwani ilikuwa imegeuka, inatazama mlango.