Bakuli Lililoshikwa Ukingoni

Siku ambazo watoto wa shule huletwa makumbusho, ukumbi wa tiketi hugeuka soko. Katika vurumai hiyo ndipo stendi ya kamera ilipomgonga goti mtunzaji wa vyombo vya kale, sanduku likamponyoka. Bahati yake halikuwa na kitu zaidi ya sponji. Aliinua uso tayari kufoka, akakutana na kijana mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi.

"Samahani, dada. Hii stendi haina adabu."

"Na mwenye stendi je?"

"Mwenye stendi anajifunza."

Hasira zikamwisha hapo hapo, na hilo likamuudhi zaidi. Kumbe ndiye mpiga picha mpya, aliyeletwa kupiga picha za vyombo vyote kwa ajili ya kitabu cha makumbusho. Haikupita miezi mitatu, wawili hao wakawa hawatengani ila kwa saa za kazi, na hata hizo walizipunja kwa simu.

Sasa, kazi ile ina sheria ambayo hata mfagizi anaijua: chombo cha kale hakishikwi ukingo. Mikono miwili, chini ya kitako. Lakini Jumanne moja adhuhuri mtunzaji alikuwa stoo, simu kaibana kati ya sikio na bega, anacheka peke yake.

"Umekula, mpenzi?"

"Nile bila wewe?"

"Utakonda bure. Bado nina bakuli la Kichina la kurudisha kabatini."

Lilikuwa bakuli la udongo mgumu, rangi ya maziwa, lenye maua ya kahawia yaliyochorwa karne nyingi zilizopita. Akalinyanyua kwa mkono mmoja, kwa ukingo. Kipande cha ukubwa wa ukucha kikambakia vidoleni.

Mpiga picha alifika mbio akamkuta ameketi sakafuni, kilemba kimemlegea, machozi yanamtiririka.

"Miaka tisa ya kazi, mpenzi wangu. Imekwisha."

"Usilie. Ngoja nilipige picha za kumbukumbu, pande zote."

"Piga. Ila Mkurugenzi usimwambie. Kesho nitamwambia mwenyewe."

"Sawa."

Kesho yake, hata mkoba hajautua, akaitwa ofisini: Mkurugenzi anazo picha za bakuli mezani. Mpiga picha akampigia simu mara saba asipokee, ya nane akaipokea.

"Umenichongea."

"Nisikilize kwanza, kipenzi."

"Kipenzi chako kamera." Akakata.

Alipoingia, kumbe mpiga picha alikuwa huko huko ofisini, kasimama dirishani. Mkurugenzi, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, akamwonyesha mtunzaji kiti.

"Ulilishika wapi, mwanangu?"

"Ukingoni, mama. Nilikuwa naongea na simu."

"Na nani?"

Wote wawili wakatazama sakafu. Mama akakohoa, akasogeza picha moja.

"Hii imepigwa chini ya ile taa ya zambarau inayofichua viraka. Unauona mstari huu wa njano kwenye mvunjiko? Gundi. Walilivunja waliotutangulia, wakaliunga, wakapaka rangi juu, wala hawakuandika popote. Gundi ilishakauka, kipande kingetoka hata kwa chafya. Utaandika maelezo, na simu haiingii stoo tena. Kazi yako ipo."

Mtunzaji alishusha pumzi aliyoibana tangu jana.

Nje, kwenye korido, mpiga picha alimfuata taratibu.

"Niliiona gundi jana jioni nilipozikagua picha. Nikashindwa kungoja, nikamwahi mama."

"Mimi nikakesha nalia, na wewe unajua."

"Nilikosea. Nilitaka uamke mambo yamekwisha."

"Siku nyingine ukijua jambo langu, mtu wa kwanza kuambiwa ni mimi."

"Basi lipo moja. Hata mama yangu mzazi hajui."

"Lipi?"

"Nataka kukuoa."

Mtunzaji akajifuta uso kwa kiganja, akacheka huku bado analia.

"Haya, nimeshaambiwa," alisema. "Sasa kamwambie mama yako."