Alitoka Nje Moyo Ukipiga

"Pokea basi simu, mwanaume wewe!"

Mwalimu wa chekechea alikuwa amesimama mlangoni pa mashine ya kusaga nafaka, simu sikioni, tumbo la wiki ishirini na mbili limemtangulia. Mashine ilikuwa imezimwa. Hatua tano mbele yake mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Vumbi kwa jinsi unga usivyomtoka kwenye nyusi, alikuwa amempa mgongo akishona mdomo wa gunia. Simu yake ilikuwa juu ya mzani, inaita kwa sauti ya kuamsha mtaa. Ikaita mpaka ikakata.

Akampigia tena. Vumbi akakata uzi kwa meno, akavuta gunia lingine.

Kumbe ndivyo anavyonifanyia, Mwalimu akawaza, damu ikimchemka. Miezi sasa kila akipiga simu haipokelewi, halafu inaingia meseji: "Niandikie mke wangu, mashine inapiga kelele." Leo mashine imelala doro. Dada yake alishampa jibu la fumbo hilo: "Huyo ana sauti nyingine anayoisikiliza, mdogo wangu. Fungasha uje kwangu."

Ingekuwa simu tu angevumilia. Lililomkaa rohoni ni lile la kliniki. Wiki ya kumi na sita nesi alimpaka mafuta ya baridi tumboni, akaweka kimashine chake, na moyo wa mtoto ukajaa chumba kizima, mbio mbio, kama mtu anayewahi kufika duniani. Mwalimu alilia kwa mshangao. Alipogeuka amtazame mumewe, aliuona mgongo wake ukitokomea mlangoni. Tangu siku hiyo Vumbi hajakanyaga kliniki, wala kuligusa tumbo.

Akamfuata, akamgusa bega. Vumbi aliruka nusura ajichome sindano.

"Mwalimu! Umefika saa ngapi?"

"Tangu simu ya kwanza. Nimekuona ukiiacha inaita."

"Simu?" Akaitazama pale juu ya mzani. "Aa, nimeitoa sauti."

"Vumbi, watoto wa chekechea nawafundisha tu, mimi si mmoja wao. Saa nane nina kipimo cha picha. Wanamtazama mtoto kiungo kwa kiungo, moyo, uti wa mgongo, mpaka vidole. Unakuja?"

"Wateja wamejaa, mke wangu."

Mwalimu akaangaza huku na huku. Mle ndani mlikuwa na magunia na paka mmoja. Akageuka kuelekea mlangoni ili asimwone akilia.

"Basi nikitoka kliniki naenda kwa dada," alisema, amempa mgongo. "Begi liko tayari. Mtoto nitamlea mwenyewe, na wewe baki na hiyo sauti yako nyingine."

"Haya mama," Vumbi akajibu kwa upole. "Ukipita sokoni chukua na ndizi."

Mwalimu aliganda. Akageuka polepole, akafunika mdomo kwa kiganja.

"Vumbi, nyumba yetu inaungua."

Vumbi akatabasamu, akatikisa kichwa. "Ndiyo, ndiyo."

Kisha akauona uso wa mkewe, na tabasamu likamfia mdomoni. Akakaa juu ya gunia.

"Tangu lini?" Mwalimu aliuliza, amemwelekea sasa.

"Sikio la kushoto tangu mwaka juzi. La kulia limeanza kuniaga mwaka huu. Miaka kumi na tatu mashine hii inanipigia kelele kichwani. Nakusoma mdomo."

"Na hukuniambia? Mimi mkeo?"

"Niliona aibu. Siku ile nesi anacheka, wewe unalia kwa furaha, mimi nasikia kimya tu. Nikachekacheka kama mjinga. Halafu nesi akasema mtoto yuko mbioni kuanza kusikia. Nikawaza, yeye anaanza, mimi ndiyo naacha. Ataniita baba nimempa mgongo, nisigeuke, naye atadhani simpendi. Nilitoka nje nikalie ukutani."

Mwalimu hakujua amkumbatie au ampige. Alimwonea huruma, na alijionea huruma yeye mwenyewe kwa usiku wote aliolala akimtuhumu.

"Na tumbo nalo? Linashikwa kwa masikio?"

Vumbi akainamisha kichwa.

Mwalimu akamwinua kidevu ili amwone mdomo. "Hii mashine ikiharibika unajuaje?"

"Kwa kiganja. Beringi ikilegea naijua kabla haijalia."

"Lete kiganja."

Akajishusha taratibu kwenye gunia la pili, akauchukua mkono wa mumewe, mzito na mweupe kwa unga, akaulaza chini kidogo ya kitovu. Wiki tatu sasa mwenyewe alikuwa akihisi vitu kama mapovu yanapasuka ndani, lakini kwa nje hapajawahi kuonekana kitu. Wakangoja. Hakuna. Vumbi akataka kuutoa mkono.

"Tulia, bwana. Si gunia hilo ulipime uondoke."

Mara tumbo likagonga.

Vumbi alitoa macho. Likagonga tena, kwa nguvu zaidi.

"Amenipiga!" alinong'ona. "Huyu hapa... hiki ni kisigino. Ngoja. Anageuka. Amehamia kulia, unamsikia?"

"Namsikia."

"Na mimi namsikia!" Akapiga magoti kwenye unga, viganja vyote viwili tumboni, machozi yakichora njia mashavuni. "Mwalimu, humu kuna mtu."

"Miezi mitano nakwambia!"

Wakacheka na kulia kwa pamoja. Simu ya Mwalimu ikatikisika. Ni dada: "Kitanda nimeshakutandikia."

Akajibu: "Kitandue. Nitakueleza."

Akamgeukia mumewe. "Kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari wa masikio. Sitaki mjadala."

"Sijasikia."

"Umesikia."

Saa nane walikuwa kliniki, Vumbi na unga wake vilevile. Kwenye kioo palitokea uti wa mgongo, punje kwa punje umepangwa, kisha mkono mdogo ukafunguka vidole vitano na kufumba. Vumbi alishindwa hata kupumua. Yule nesi akashika kile kimashine.

"Haya wazazi, tumsikilize moyo?"

Mwalimu alishtuka, akambana mumewe mkono. Lakini Vumbi alikuwa ameshausoma mdomo wa nesi, na safari hii hakuutazama mlango.

"Msikilizishe mama yake," alisema. "Sisi wawili tumeshasalimiana."